Kemotherapi ya lukemia ya watoto

Kemotherapi ya lukemia ya watoto ni tiba ya saratani ya damu inayotumia mseto wa dawa zinazoua seli za saratani au kuzizuia zisigawanyike. Ilianzia Boston, Marekani, ambako daktari Sidney Farber alionyesha mwaka 1948 kwamba aminopterini, dawa inayopinga kazi ya asidi ya foliki, iliweza kutuliza ugonjwa huo kwa muda. Kwa lukemia kali ya limfoblasti, ambayo ndiyo huwapata watoto zaidi, tiba huchukua miaka 2 hadi 3 katika hatua tatu: ya kwanza, ya takriban wiki 4, hutumia vinkristini, asparajinasi na steroidi kusafisha uboho, yaani kiini cha mifupa kinachozalisha damu, ya pili huua seli zilizosalia, na ya tatu, iliyo ndefu zaidi, hutegemea vidonge vya merkaptopurini vya kila siku na methotreksati ya kila wiki. Methotreksati hudungwa pia katika kiowevu cha uti wa mgongo, kwa kuwa dawa nyingi hazipenyi vizuri kwenye ubongo. Dawa hizo hudhuru pia seli zenye afya, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu, hunyonyoka nywele na huambukizwa maradhi kwa urahisi. Katika nchi zenye huduma kamili, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona.