Mchezo Usiouzwa

Msomaji, ukifika Kiganjo mwishoni mwa mwezi wa Januari, toka nje yapata saa nne usiku, wakati mawingu yamekwisha kuuacha mlima, uinue macho yako. Utaziona nyota tatu zimepangana mstari mmoja, karibu sawasawa na utosi wako. Wataalamu wa nyota huziita Mshipi wa Orioni. Zapita juu yetu namna hiyo kwa sababu Kiganjo ni jirani wa Ikweta, na nyota hizo nazo zakaa karibu na Ikweta ya mbinguni. Ziangalie vema, maana nitazirudia. Habari ninayotaka kukusimulia ni ya mchezo wa vita vya vyombo vya angani, uliotungwa Marekani mwaka 1962, na nyota hizo hizo zimo ndani yake.

Ninayo sababu ya kuichagua habari hii. Miaka michache iliyopita, mwanafunzi mmoja katika darasa langu la ualimu alitunga mchezo mdogo wa kompyuta: vyombo viwili vya angani vikifukuzana na kurushiana makombora. Aliifanya kazi hiyo jioni, baada ya masomo, kwa muda wa miezi mitatu, wala hakuna aliyemtuma. Wenzake walipouona waliupenda, wakamwomba nakala. Akaja kwangu akaniuliza, "Mwalimu, niwape, ama niufiche mpaka nipate wa kuununua?" Nilimjibu upesi, kama mtu ajuaye: "Ufiche. Kitu cha bure hakina heshima." Alinitii. Jibu hilo limenirudia mara nyingi tangu siku ile. Insha hii ni jaribio la kulijibu swali lake upya, baada ya kuyasoma mambo ambayo ilinipasa kuyasoma kabla ya kufungua kinywa.

Mwaka 1961 kompyuta zilikuwa chache duniani, na aghalabu zilikuwa kubwa kiasi cha kujaza chumba. Mwenye hesabu aliziandika kwenye kadi zilizotobolewa matundu, akampa mtumishi wa mtambo, akaenda zake kungoja majibu. Mwaka huo kampuni ya Digital Equipment Corporation ilikipa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa herufi MIT, mtambo uitwao PDP-1. Bei yake ilikuwa kama dola 120,000. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo ajabu: picha moja tu unayoipiga leo kwa simu haingeenea ndani yake, hata sehemu yake ya mia. Walakini ulikuwa na kioo cha duara kilichoonyesha nukta za mwanga, na mtu mmoja aliweza kuketi mbele yake, akatoa amri na kujibiwa papo hapo. Jambo hilo lilikuwa geni.

Zama zile mawazo ya watu yalikuwa angani. Tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin wa Urusi alikuwa mwanadamu wa kwanza kuizunguka dunia akiwa nje ya hewa yake. Na tarehe 20 Februari 1962 John Glenn wa Marekani aliizunguka mara tatu. Viongozi wetu nao, katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo wa 1962, walikuwa London katika jumba la Lancaster wakibishania katiba ya Kenya itakayokuwa huru. Kila taifa lilikuwa na safari yake.

Pale MIT walikuwapo vijana watatu, Steve Russell, Martin Graetz na Wayne Wiitanen, waliopenda mno hadithi za vita vya angani za mwandishi E. E. Smith. Walijiuliza: ni kitu gani kitakachoonyesha nguvu zote za mtambo huu mpya, kisichokuwa kile kile kila kinapotazamwa, na ambacho mtazamaji hataketi akikikodolea macho tu bali ataingia ndani yake na kufurahi? Wakaona kwamba kitu hicho ni mchezo. Wiitanen aliitwa jeshini kabla kazi haijaanza. Mzigo wa kuandika ukamwangukia Russell, naye, kama wengi wetu, alikuwa hodari wa kuahirisha. Alisema hawezi kuanza kwa kuwa hana programu ya kukokotoa pembe. Rafiki yake Alan Kotok akaenda kwenye kampuni iliyoutengeneza mtambo, akarudi na programu hiyo ikiwa imeandikwa kwenye ukanda wa karatasi, akampa. Udhuru ukaisha. Mapema mwaka 1962 vyombo viwili vilionekana katika kile kioo cha duara, kimoja chembamba kama sindano na kimoja kinene kama kabari, na kila mchezaji alikuwa na chake. Mchezo ukaitwa Spacewar, yaani vita vya angani.

Wewe uliyesoma sheria za Newton ungeuelewa mara moja. Chombo kikisukumwa hakisimami, kwa kuwa angani hakuna hewa ya kukizuia. Chaendelea mbele mpaka mchezaji akigeuze na kukisukuma kinyume. Fueli ilikuwa na kiasi, na makombora yalikuwa na hesabu. Asiyefikiri kabla ya kutenda alishindwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Russell hakuufungia mchezo wake kabatini. Aliuacha pale pale penye mtambo, pamoja na maandishi yake yote, na yeyote aliyeona upungufu alikuwa huru kuutengeneza. Dan Edwards aliona kwamba mchezo hauna mbinu za kutosha. Akaweka nyota kubwa katikati, yenye nguvu ya kuvuta. Tangu hapo mchezaji alipaswa kuiepuka nyota hiyo, au kuuazima mvuto wake ili apate mwendo. Mtambo haukuwa na nguvu ya kukokotoa mvuto wa nyota juu ya kila kitu, kwa hiyo makombora yaliachwa yapite bila kuvutwa, na wachezaji wakakubali. Graetz aliongeza njia ya hatari ya kujiokoa: chombo kilitoweka ghafula na kutokea mahali pengine pasipojulikana, pengine penye usalama, pengine penye maangamizi.

Tena palikuwa na shida ya mikono. Wachezaji walitumia swichi zilizokuwa kwenye uso wa mtambo, nazo ziliwaumiza viwiko, na mmoja wao alikuwa karibu na kioo kuliko mwenziwe. Kotok na Robert Saunders wakaunda visanduku viwili vya kuongozea vyombo, kwa vipande walivyovikuta katika chumba cha chama chao cha wapenzi wa treni za mfano. Ndiyo, msomaji, treni za kuchezea! Wengi wa vijana hao walijifunza werevu wa swichi na nyaya kwa kuongoza treni ndogo juu ya meza. Sisi wa Kiganjo tuliokua karibu na stesheni ya reli iendayo Nanyuki tusiwacheke. Mtoto akitazama treni ikibadilisha njia, hujui ni nini kinachoanza kichwani mwake.

Nimebakiza mmoja, Peter Samson. Mwanzoni nyota zilizoonekana nyuma ya vyombo zilikuwa nukta zilizotawanywa ovyo. Samson alichukizwa na ovyo hiyo. Akatwaa kitabu cha hesabu za nyota, akaingiza nyota za kweli, mahali pake pa kweli, zenye kung'aa sana zikitofautishwa na zenye kufifia. Hakuziweka zote, alichukua ukanda wa mbingu ulioko kati ya nyuzi 22 na nusu kaskazini na nyuzi 22 na nusu kusini ya Ikweta ya mbinguni. Ukanda huo, msomaji, ndio upitao juu ya vichwa vyetu. Kwao Massachusetts umeinama kuelekea kusini. Hapa Kiganjo wapita katikati ya anga. Zile nyota tatu nilizokuonyesha zimo. Kilimia, zinazowajulisha wakulima majira tangu zamani, zimeachwa nje ya mpaka kidogo tu, kwani zipo kama nyuzi 24 kaskazini. Sidai kwamba Samson alitukusudia sisi. Hakutukusudia hata kidogo. Lakini kitu kilichotolewa bure husafiri, na kikisafiri hufika hata kwa watu ambao mtoaji hakuwawazia.

Mwezi wa Mei 1962 mchezo ulionyeshwa kwa wageni siku ambayo chuo kilifungua milango yake kwa umma. Baada ya hapo nakala zake, katika kanda za karatasi, zilitolewa kwa kila aliyezitaka. Hata kampuni yenyewe iliutumia kupimia mitambo yake, kwa maana programu iliyodai nguvu zote za mtambo ilifaa kuonyesha kama mtambo ni mzima. Waliouandika hawakuuuza. Mwaka 1971 wengine waliufuata mfano wake wakatengeneza mashine za kulipia: Bill Pitts na Hugh Tuck katika Chuo Kikuu cha Stanford, wakitoza senti kumi kwa mchezo mmoja, na Nolan Bushnell pamoja na Ted Dabney, ambao mwaka 1972 walianzisha kampuni ya Atari. Biashara kubwa ya michezo ya kompyuta ilichipuka katika shina ambalo halikuwa na bei.

Huenda ukasema, "Hao walipewa mtambo wa dola 120,000. Sisi tuna nini?" Swali ni la haki. Basi nikupe mfano wa jirani. Lual Mayen alizaliwa njiani, wakati wazazi wake walipokuwa wakiikimbia vita ya nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme. Ilimlazimu kwenda mwendo mrefu kwa miguu ili aijaze betri. Alijifundisha mwenyewe, akatunga mchezo akauita Salaam, mchezo wa kutafuta amani, akawagawia wenzake. Baadaye alihamia Marekani, akaanzisha kampuni yake, na mwaka 2018 akatunukiwa heshima katika hafla ya The Game Awards. Vijana wa MIT, waliokaa penye utulivu, walitunga mchezo wa vita. Huyu aliyeijua vita alitunga mchezo wa amani. Wote walianza kwa kutoa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Ni nani mwenye bao la pwani? Ni nani mwenye giuthi ya Wagikuyu? Hakuna. Mzee humfundisha kijana chini ya mti, kijana humshinda mzee, na kila mahali pana kanuni zake zilizoongezwa na watu wake. Kama mtu wa kwanza kuchimba vishimo na kupanda kete angalisema, "Nitaficha mpaka nipate mnunuzi," tusingekuwa na mchezo huo.

Simaanishi kwamba mtu afanye kazi bure siku zote. Mwalimu hula, na fundi hula. Anayekutaka umjengee nyumba na asikulipe ni mnyang'anyi. Lakini ziko kazi za mwanzo, kazi za kujifunza na kupenda, ambazo faida yake ya kwanza si fedha, bali ni jicho la mwenzako linaloona kosa usiloliona.

Na yule mwanafunzi wangu? Aliuficha mchezo wake kama nilivyomwagiza. Mwaka uliofuata kompyuta aliyoutungia iliharibika, na vilivyokuwamo havikuokolewa. Wenzake ishirini na zaidi walikuwa wameomba nakala. Mmoja tu angaliipata, mchezo ungalipona. Mchezo wa Russell wachezwa hata leo katika mtambo wa PDP-1 uliofufuliwa kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California, kwa sababu nakala zake zilikuwa mikononi mwa wengi. Ule wa mwanafunzi wangu ulikuwa na nakala moja, na mimi ndiye niliyeshauri iwe moja.

Sasa yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilimwandikia barua ya kumtaka radhi. Alinijibu kwamba ameanza tena, kwani sehemu kubwa bado anaikumbuka, na kwamba wanafunzi wake wamekwisha kumwonyesha makosa mawili. Basi, msomaji, ukiwa na kitu ulichokitunga kwa mapenzi, mwonyeshe mwenzako, umpe nakala, umwambie aongeze lake. Na ukija kwangu kuniuliza kama yule alivyoniuliza, sitakujibu upesi tena. Nitakuambia tutoke nje kwanza, tuzitazame nyota.