Kiboko cha Mwaka 1907

Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Ewart Grogan na walowezi wenzake waliwacharaza viboko hadharani wavuta riksho watatu wa Kikuyu. Walidaiwa kuitikisa riksho na kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamepanda. Hapakuwa na aliyebakwa, ila hadithi ya Mwafrika kuwa tishio kwa mwanamke Mzungu ilizidi kunenepa, hadi mwaka 1926 koloni likaweka adhabu ya kifo kwa ubakaji. Atakayesema sheria kali humkinga kila mwanamke ana haki kwenye karatasi tu. Kelele za walowezi zilizoizaa zilimlenga boi wa nyumbani na mama mwenye nyumba. Mwanamke Mwafrika, shambani kwa mlowezi au kwake, hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Umbo la hofu ile limedumu: hatari ni mtu wa nje, kichochoroni, gizani. Hesabu ya yanayotokea ndani ilichelewa. Ni katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2003 ndipo wanawake wa Kenya walipoulizwa kwa mpangilio kuhusu ukatili wa nyumbani: huchaguliwa mmoja tu kwa kila nyumba, huhojiwa faraghani, na mume akiingia maswali hayo hukatizwa. Wapo wanaoyapuuza majibu haya kwa kuwa ni maneno matupu yasiyopita mahakamani. Lakini aibu huwanyamazisha wengi kuliko inaowafanya watunge, kwa hiyo nikilazimika kukisia kosa la takwimu hizi, nitasema zinapunguza. Katika utafiti wa 2022, asilimia 13 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Kwa waliowahi kuolewa, aliyetajwa zaidi ni mume au mwenzi, wa sasa au wa zamani.

Je, mtu wa nje hana hatari? Anayo. Ila hata usiku wa Julai 1991 katika shule ya St. Kizito, Meru, wasichana 71 walipobakwa na 19 kufa, waliovamia bweni walikuwa wavulana wa shule hiyohiyo. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopiganiwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilipita ikiwa na kifungu cha 43(5), kinachosema kwamba maelezo ya kifungu cha 43 kuhusu tendo lisilo halali hayawagusi watu waliooana kihalali.