Upimaji Vilindi, Hadi Bahari za Titan

Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, una bahari. Si bahari za maji: kwenye baridi ya takriban nyuzi 179 za Selsiasi chini ya sifuri, maji huwa barafu ngumu, na kinachotiririka ni methani na ethani. Rada ya chombo Cassini, kilichoizunguka Zohali kuanzia 2004 hadi 2017, ilionyesha karibu na ncha ya kaskazini madoa meusi, yaani nyuso laini zilizorudisha mawimbi machache mno. Ndivyo pwani za Kraken Mare, Ligeia Mare na Punga Mare zilivyochorwa. Lakini mstari wa pwani hausemi bahari ina kina gani.

Taaluma inayojibu swali hilo ni batimetria. Tafsiri inayokuja upesi ni “upimaji wa kina cha maji”. Inafaa Ziwa Tanganyika. Titan inakwama kwenye neno la mwisho. Ukilifuta, inabaki “upimaji wa kina”, na msomaji aliyezoea “mjadala wa kina” na “uchunguzi wa kina” atadhani ni upimaji uliofanywa kwa makini.

Upimaji vilindi ni istilahi bora. Anayepinga kwamba kilindi ni mahali penye kina kirefu tu, akumbuke kuwa batimetria nayo ilitokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, na bado hupima hata mafungu ya mchanga.

Mabaharia wa mwambao walitia bildi, risasi iliyofungwa kamba. Meli za leo hutumia mwangwi wa sauti, kwa kuwa mawimbi ya redio hufifia haraka majini. Methani baridi huyapitisha! Mei 2013 Cassini ilipopita juu ya Ligeia Mare, rada yake ilielekezwa chini moja kwa moja, na miangwi miwili ikarudi: mmoja wa usoni, mwingine wa sakafuni. Kutokana na muda uliotenganisha miangwi hiyo, wataalamu walikokotoa kina kilichofikia takriban mita 160. Nguvu iliyopotea njiani ikafichua kwamba Ligeia imejaa methani zaidi.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya Kraken Mare, kubwa kuliko zote. Katika ghuba ya Moray Sinus kilindi kilifika takriban mita 85. Katikati ya bahari mwangwi wa sakafuni haukurudi kabisa, kwa hiyo kinachoweza kuandikwa hapo ni kima cha chini tu: zaidi ya mita 100.