Bunduki ya mdunguaji wa Kijerumani: utajuaje kama ni ya kweli?

Kutoka Mtawanya, Kibiti, si mbali kufika delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa Julai 11, 1915. Mabaharia wake walienda kupigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck. Huko Beho Beho, mwindaji Mwingereza Frederick Selous aliuawa na mdunguaji Januari 4, 1917.

Historia hiyo inaweza kupandisha bei ya chuma chakavu. Ukiambiwa "hii ilikuwa ya mdunguaji wa Mjerumani", weka stori pembeni, angalia bunduki yenyewe.

Mauser ya mwaka 1898 ina jina la kiwanda na mwaka juu ya chemba, mfano Spandau au Danzig. Namba ya mtutu irudiwe kwenye vipande vingine, hata vidogo kwa tarakimu mbili za mwisho. Zikipishana, ujue imeunganishwa kutoka bunduki tofauti.

Kinachofanya iwe ya mdunguaji ni darubini, na hapo ndipo feki nyingi hukamatika. Darubini halisi ilifungwa na fundi kwa bunduki moja tu na kuandikwa namba yake. Mkono wa kukokia umepindwa kuelekea chini, na mti umechongwa kidogo kuupisha. Ukiona mkono umenyooka, au matundu ya skrubu yanang'aa kuliko chuma kinachoyazunguka, darubini imepachikwa juzi.

Kuna kingine. Jeshi la Ujerumani lilianza kugawa bunduki za darubini kwa wingi kuanzia 1915, wakati Waingereza wameshafunga pwani yetu. Askari wengi hapa walianza vita na Mauser ya 1871, yenye moshi mzito unaomchoma mpigaji. Mdunguaji gani anataka moshi? Kwa hiyo darubini ya kijeshi kwenye bunduki ya "Rufiji" inahitaji ushahidi wa ziada. Na iliyokaa karne nzima kwenye tope la chumvi haiwezi kuwa na mti unaong'aa.

Ukiokota moja shambani, usiijaribu na usiipeleke sokoni. Ripoti polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 inataka kibali, na Kibiti, ambako polisi 8 waliuawa Aprili 2017 na silaha zao kuporwa, hakuna atakayekusikiliza ukisema ni kumbukumbu ya babu.