Tabaka za Chuma: Kutoka Mkuki wa Kalenga hadi Nanomita

Mgeni anayefika Kalenga, karibu na mji wa Iringa, huonyeshwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, pamoja na silaha za zama zake. Wengi huishia kwenye fuvu. Makala haya yanakusudia kuutazama mkuki. Mikuki ndiyo iliyolishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na ndani ya chuma cha mkuki imo mada inayowashughulisha wanaistilahi hivi leo, nayo ni uimara wa metali zenye tabaka na jinsi zinavyogeuka umbo.

Chuma cha jadi cha Nyanda za Juu kilitoka katika tanuri za udongo. Wafipa, Wanyiha na Wapangwa ni miongoni mwa waliokuwa na ufundi huo. Hapa neno letu la kawaida, kuyeyusha, lapotosha kidogo. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi, na tanuri hizo hazikufika huko. Kilichoyeyuka ni takataka, yaani mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye vitundu kama sifongo. Wafipa walilitia bonge hilo katika tanuri ya pili, ndogo, iitwayo kintengwe, ili kulisafisha. Kisha mhunzi alilipasha moto akalifua juu ya fuawe, tena na tena, hata mabaki ya mavi yakanyooka kuwa nyuzi nyembamba, na sehemu zenye kaboni nyingi zikalala ubavuni mwa zile zenye kaboni kidogo. Chuma cha kufua, basi, ni kitu cha tabaka tangu kuzaliwa kwake.

Mhunzi alijua kwamba ncha iliyo ngumu mno huvunjika, na iliyo laini mno hupinda. Kiswahili nacho chajua. Ufito mbichi hunyumbuka ukarudi, msumari hupinda usirudi, kigae huvunjika. Ni ajabu, basi, kwamba mfasiri mwenye haraka huuita uimara "ugumu". Ugumu ni kukataa kukwaruzwa na kubonyezwa; uimara ni kustahimili mzigo. Mwanafunzi wa uhandisi mjini Mbeya akifundishwa dhana hizo mbili kwa neno moja, ataichagua nondo ngumu akidhani haiwezi kukatika ghafla, na nyumba ni ya watu.

Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwa nini metali hupinda. Safu za atomu zina kasoro zilizojipanga kama mstari, na kasoro hizo husogea metali inapolemewa. Kwa maoni yangu kasoro hiyo yafaa kuitwa mtenguko. Neno lenyewe limo tayari vinywani mwa waunga mifupa: kiungo kilichotenguka hakikuvunjika, kimehama mahali pake. Hall mwaka 1951, na Petch mwaka 1953, walionyesha kwamba kadiri punje za metali zinavyokuwa ndogo ndivyo metali inavyokuwa imara, kwani mitenguko huzuiwa mipakani. Mwaka 1970 Koehler wa Marekani alipendekeza kupanga tabaka nyembamba za metali mbili kwa zamu. Tabaka zikiwa za makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mtenguko hukosa nafasi ya kusogea. Hivyo shaba na niobiamu, ambazo kila moja peke yake ni laini, zikipangwa pamoja huwa imara mno. Lakini tabaka zikipungua hadi nanomita chache tu, mitenguko huanza kuvuka mipaka, na uimara huacha kupanda au hata hushuka.

Neno tabaka tulilipokea zamani kutoka Kiarabu, nalo litoshe. Kwa mabadiliko ya umbo napendekeza mnyumbuko, kwa yale yanayorudi, na mgeuko wa kudumu, kwa yasiyorudi. Shauri gumu zaidi ni pua. Zamani shoka lilitiwa pua, nayo pua ilikuwa chuma chenye kaboni, ambacho kwa kawaida kina tabaka nyembamba za chuma laini na kabaidi ya chuma zilizopishana. Siku hizi "chuma cha pua" madukani ni sufuria isiyoshika kutu. Pua irudishiwe maana yake ya kwanza, na sufuria iitwe ya pua isiyoshika kutu, ingawa wauzaji watalalamika kwamba jina ni refu.