Tegemeo, si tegemezi

Karibu kila programu ya simu huazima vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na wengine. Wapo wanaoviita 'tegemezi', na hapo ndipo ninapopinga. Tegemezi ni anayeegemea: mtoto kwa mzazi, kishazi tegemezi kwa kishazi huru. Kifurushi hakiegemei, kinaegemewa. Basi ni tegemeo, neno lile lile ambalo Chuo Kikuu cha Egerton kimeipa taasisi yake ya utafiti wa sera za kilimo.

Tofauti hii ina kazi, hasa pale kifurushi kinapokosekana. Tangu Yarn, zana ya kusimamia vifurushi, ilipoleta mpango wa hazina ya pamoja ya msimbo (workspaces) mwaka 2017, programu kadhaa hukaa hazina moja na mategemeo yao hupandishwa hadi folda ya juu, node_modules, kama ploti ya mtaa wa Kayole, Nairobi, ambapo wapangaji wote huchota maji kwenye mfereji mmoja uani. Zana za React Native, mfumo wa kuundia programu za simu, ndizo zinazopotea. Faili za Gradle, zana inayojenga programu upande wa Android, zimezoea kutafuta ndani ya folda ya programu yenyewe. Hapo hazikuti kitu, na kazi inakwama. Dawa ni kurekebisha njia ya folda iliyoandikwa katika faili hizo, kisha kuiagiza Metro, zana inayofungasha msimbo wa React Native, kupitia mpangilio wake wa watchFolders, iangalie folda ya juu pia.

Mwanagenzi wa mtaa wa Umoja au Donholm akiambiwa 'tegemezi halipatikani', ataikagua programu yake bure. Akiambiwa tegemeo halipatikani, atatafuta kinachoegemewa. Walimu na wahariri wa vitabu vya kompyuta, tafadhali andikeni tegemeo.