Mke Asiyelala Njaa: Upweke ndani ya Ndoa mbele ya Baraza, Kadhi na Mahakama

Mke aliyepigwa na mumewe ana pa kwenda. Aliyenyimwa matunzo naye anapo, ingawa atasota. Lakini yupo mke ambaye mumewe analeta unga na mafuta, analipa ada za watoto, halewi wala hanyanyui mkono, ila imepita miaka hajamsemesha neno lisilohusu unga na ada. Huyo akifika mbele ya baraza la usuluhishi ataulizwa: mama, kosa la mumeo ni lipi? Akijibu kwamba yu mpweke, wajumbe watatazamana, kisha mmoja wao, kwa upole kabisa, atamwambia akavumilie, kwani wenzake wanalala njaa. Baadaye ikibainika kuwa yuko mwanamume mwingine anayempigia simu kumuuliza ameshindaje, hapo shauri litapata mlalamikaji, mtuhumiwa na mashahidi. Kabla ya simu ile halikuwa shauri.

Ninachodai ni kwamba tumeyapanga matukio haya kinyumenyume. Penzi jipya la mke husomwa kuwa ndilo lililoivunja ndoa, ilhali mara nyingi ni tukio la kwanza ambalo taasisi zetu zina macho ya kuliona. Yaliyotangulia hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Dai hili halihalalishi uzinzi, na msomaji anayeshuku hivyo ningemwomba asubiri, kwa sababu hoja yenyewe inaelekea upande mwingine: mke aliyesikilizwa mapema ana haja ndogo ya kusikilizwa na mwingine.

Tuanze na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, sheria ambayo kwa wakati wake ilikuwa na ujasiri. Iliziweka ndoa za dini zote, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, na ikafanya sababu ya talaka kuwa moja tu: ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi wa kuvunjika huko. Yamo uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kupuuza kwa makusudi, kumtelekeza mwenzi kwa muda usiopungua miaka 3, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 5, ugonjwa wa akili uliothibitishwa na madaktari, hata kubadili dini. Orodha haijafungwa, na mahakama inatakiwa kuangalia mwenendo na hali zote za wanandoa. Kwa maandishi, basi, mlango upo. Kwa mazoea, watu husoma orodha na kuishia kwenye orodha. Mume anayerudi nyumbani kila jioni hajatelekeza mtu. Aliyejaza kabati hajapuuza. Wanaolala kitanda kimoja na kupeana mgongo hawajatengana.

Kifungu hicho hicho kina sharti ambalo wake wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Mahakama, isipokuwa kwa sababu maalumu, itakataa kutoa talaka pale ambapo maombi yamesimama juu ya kosa la mwombaji mwenyewe peke yake. Maana yake ni kwamba mke akiingia mahakamani na hoja moja tu, kwamba moyo wake umehamia kwingine, atarudishwa nyumbani. Tena yule anayempenda anaweza kudaiwa fidia, kwa maana kifungu cha 72 kinampa mwenzi haki ya kumshtaki aliyezini na mume au mke wake, na cha 73 kinamgusa aliyemshawishi mke au mume kuikimbia nyumba yake. Sheria inasema haya kwa jinsia zote mbili, na hilo lisisahaulike. Penzi linatambuliwa na lina hesabu yake ya fedha. Upweke uliolitangulia unabaki kuwa habari ya ziada, itakayosemwa kama wakili atakumbuka kuuliza.

Sasa mke afanye nini? Hujifunza kusema lugha inayosikika. Atatafuta mwezi ambao mume alichelewesha posho. Atakumbuka Idi ambayo hakununuliwa nguo. Atageuza ukimya wa miaka kuwa deni la nafaka.

Hapa tafiti za mahakama za kadhi zina mengi ya kutufundisha. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu mashauri ya ndoa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, anaonyesha jinsi jamii ilivyogawa kazi ya maneno: mume hutamka, mke huvumilia. Mke anapofungua kinywa mbele ya kadhi anakuwa tayari ameivunja adabu ya kutotoa siri za ndani, na hata akishinda shauri, huondoka na doa la kusema. Erin Stiles naye alifanya utafiti katika mahakama ya kadhi ya mashamba ya Unguja, na kitabu chake cha mwaka 2009 kinaonyesha kwamba wake ndio wanaofungua sehemu kubwa ya mashauri, huku matunzo yakijirudia katika madai yao. Wengi wamesoma kazi hizi kuwa ni habari za umaskini. Naamini umaskini umo. Lakini nadhani pia tunasoma tafsiri ambayo mke ameifanya mwenyewe kabla hajafika kwa karani: amechukua kile kinachomuuma na kukivisha kile kinachokubalika. Anayehesabu mashauri ya matunzo anahesabu kwa pamoja njaa ya tumbo na njaa nyingine, bila njia ya kuzitenga.

Jambo la kushangaza ni kwamba chimbuko la fikihi yenyewe lilisikia zaidi ya hapo. Imepokewa kwamba mke wa Thabit bin Qays, ambaye wapokezi wanahitilafiana kuhusu jina lake, alimwendea Mtume akaeleza kuwa hamlaumu mumewe kwa dini wala kwa tabia. Hawezi tu kuendelea kuishi naye, na anachelea kuingia katika makosa. Hakuombwa ushahidi wa kipigo wala wa njaa. Aliulizwa kama yuko tayari kurudisha shamba alilopewa kuwa mahari, akakubali, na Thabit akaagizwa amwache. Hiyo ndiyo asili ya khului, mke kujitoa katika ndoa kwa kurudisha mahari. Barira, mjakazi aliyepata uhuru wake, alichagua kuachana na mumewe Mughith, ambaye alimfuata njiani akilia hadi watu wakamwonea huruma. Mtume alimwombea Mughith. Barira akauliza kama hiyo ni amri, na alipoambiwa ni maombezi tu, akashika msimamo wake, wala hakukemewa.

Ipo pia simulizi mashuhuri ya Khalifa Umar, aliyepita usiku akamsikia mke wa askari akiimba upweke wake, mume akiwa vitani. Umar hakuuliza nani anazunguka mlangoni kwa mwanamke yule. Alikwenda kwa binti yake Hafsa kumuuliza mke anaweza kustahimili muda gani bila mumewe, akajibiwa kwa miezi, minne katika mapokezi mengine na sita katika mengine, na ndipo akaweka kikomo cha muda wa askari kukaa mbali na nyumbani. Simulizi hii hutajwa mara nyingi kwenye mawaidha kama sifa ya uadilifu wa Umar. Mimi naiona kuwa somo la utawala: dola ilipousikia upweke wa mke, ilirekebisha ratiba ya mume.

Kati ya chimbuko hilo na baraza la leo kuna umbali, na sehemu ya umbali huo ni ya kisheria. Wanazuoni wengi wanashika kwamba khului ni mapatano. Mume asiporidhia, hakuna khului. Mke aliyekataliwa hubaki na faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, na faskhi hudai sababu inayothibitika, kama mume kushindwa matunzo, kasoro ya mwili au madhara. Basi yule aliyejaribu kusema kweli anarudishwa kwenye unga. Upande wa Wakristo hali inabana kwa namna nyingine. Paulo aliwaagiza wanandoa wasinyimane ila kwa kupatana na kwa muda, agizo linalohubiriwa zaidi kwa wake kuliko kwa waume. Kanisa Katoliki huruhusu wanandoa kuishi mbalimbali kwa sababu nzito, lakini kifungo cha ndoa kinabaki, na penzi jipya halina njia halali isipokuwa ndoa ya kwanza ionekane ilikuwa batili tangu mwanzo.

Mume wa Kiislamu, au wa ndoa ya kimila, akipenda upya ana njia: huoa. Sheria ya 1971 inampa mke wa kwanza nafasi ya kupinga, lakini itazame misingi ya pingamizi hilo katika kifungu cha 20. Kipato cha mume hakitatosha, mwanamke anayekuja ana sifa mbaya sana au ugonjwa wa kuambukiza, au ataleta mfarakano mkubwa nyumbani. Mke anayesema kwamba yeye mwenyewe ameachwa pembeni kwa miaka, na kwamba ndoa ya pili itakuwa muhuri wa hali hiyo, itambidi ajibanze kwenye neno mfarakano. Penzi jipya la mume lina mlango wenye masharti. La mke limejengewa ukuta, na tusishangae linapopita dirishani.

Wanaomhukumu mke anayesitasita kati ya nyumba mbili kwa kawaida humwita mwenye tamaa, mtu anayetaka vyote. Hawajakaa wakahesabu anachopoteza. Kwa kauli mashuhuri za fikihi, mama akiolewa na mwanamume asiye jamaa wa mtoto, haki yake ya hadhana, yaani ya kukaa na mtoto na kumlea, humtoka. Kumfuata anayempenda kunaweza kuwa ndiko kumpoteza mtoto. Sheria ya 1971 ni laini zaidi, kwa kuwa kifungu cha 125 kinatanguliza maslahi ya mtoto na kinachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 akae na mama hadi ithibitishwe vinginevyo. Hata hivyo mtoto hutimiza miaka 7. Mali nayo ina hadithi yake. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ilikubaliwa kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na uamuzi huo unasifiwa katika kila kozi ya sheria ya familia. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kuanzishia mradi zilikuwa sehemu yake na alizitapanya. Mke anayepiga hesabu usiku kabla ya kuondoka hana tamaa kuliko mfanyabiashara yeyote makini.

Fasihi yetu imefika karibu na jambo hili bila kuligusa barabara. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimchora Bi Tamima akiwa ndani ya nyumba ya Maksuudi, nyumba isiyopungukiwa chakula, ambamo mke na binti wamefungiwa mbali na watu. Ni picha kali ya upweke ulioshiba. Lakini mwandishi alihitaji ukatili wa wazi, kipigo na talaka, ili msomaji amwonee Tamima huruma. Maksuudi ni mbaya kiasi kwamba kumchukia hakutugharimu kitu. Bado nangojea riwaya ya mume mwema kiasi cha kutosha, anayeswali, anayelipa, na ambaye mkewe anakauka mbele yake. Huyo atatutaabisha zaidi.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote hutoka kwa wazee, nami silidharau. Wanasema mioyo hugeuka. Ukiuruhusu upweke kuwa shauri, kila msimu wa ukimya utaishia mahakamani, na penzi jipya nalo litazoeleka kama la kwanza. Sehemu ya mwisho ni kweli. Mwanamume anayeuliza umeshindaje hajawahi kulipa bili ya maji pamoja na wewe, na wema wake haujajaribiwa. Lakini pingamizi hili linachanganya kusikiliza na kuvunja. Kwa desturi ya pwani, somo au kungwi hakuachia kazi yake mlangoni mwa ukumbi wa harusi. Aliendelea kuwa mtu wa kupokea malalamiko ambayo mke hangeweza kumwambia mama yake, yakiwemo ya chumbani, na kuyafikisha kwa njia zake bila aibu ya baraza. Nafasi hiyo imepungua mijini, na kilichoijaza ni simu. Mke anayesema upweke wake kwa somo anaitengeneza ndoa. Anayeusema kwa mwanamume wa pili ameshaanza kuondoka, hata kama yeye mwenyewe hajajua.

Marekebisho ninayoyaona hayahitaji Bunge. Kifungu cha 101 tayari kinataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, na baraza halifungwi na orodha ya kifungu cha 107. Lina uhuru wa kupokea lalamiko ambalo halina kosa la kisheria ndani yake. Linaweza kumwita mume kwa sababu tu mkewe amesema hazungumzishwi, na kumuuliza maswali ambayo leo huulizwa mke peke yake. Hata katika fidia ya uzinzi, kifungu cha 74 kinaiagiza mahakama iangalie kama mume na mke walikuwa wakiishi pamoja au mbalimbali. Mahakimu wanaweza kutafsiri kuishi pamoja kwa upana kuliko kulala chini ya bati moja. Makadhi wana khului ya mke wa Thabit mikononi mwao. Wachungaji wanaoandaa wachumba kwa mafundisho ya wiki kadhaa wawaite tena wanandoa hao mwaka wa tano na wa kumi, mume akiwemo. Na wajumbe wa mabaraza, siku mke mwenye kabati lililojaa atakapokaa mbele yenu akasema yu mpweke, andikeni lalamiko hilo kama alivyolisema, kisha mwiteni mumewe.